Mwizi wa Mlango wa Jikoni

Siku tuliyomzika mama yangu, binamu yangu Royce hakuokoa chochote. Nalisema mapema kabisa kwa sababu mji mzima wa Bonner Creek unasimulia vingine, nami nimechoka kupongezwa dukani eti nina bahati kuwa na mwanamume jasiri kwenye ukoo.

Huku kwetu Arkansas, msiba ukitokea, tangazo likishatoka gazetini lazima mtu abaki nyumbani wakati wengine wako kanisani na makaburini. Wezi nao husoma matangazo ya vifo, hujua saa ambayo nyumba iko tupu. Na majirani huleta vyakula, wala hawapitii mbele. Mlango wa mbele ni wa wachuuzi na askari. Rafiki hupita jikoni, husukuma mlango bila kubisha, huita "Ni mimi!" na kuweka bakuli mezani. Chini ya bakuli hubandika kipande cha utepe chenye jina lake, ili baadaye arudishiwe chombo chake.

Royce alijitolea kubaki. Ni mtoto wa kaka yake mama, ana duka la vipuri vya matrekta, na Jumamosi asubuhi hufundisha watu kubeba bastola katika ukumbi wa kanisa letu.

"Ardith, wewe nenda kamzike shangazi kwa amani," aliniambia huku akijipapasa kiunoni. "Akija mtu hapa atajuta kuzaliwa."

"Watakaokuja ni watu wa vyakula, Royce."

"Najua! Mimi mtoto?"

Alijua, basi. Nilipotoka alikuwa ameshajipakulia saladi ya viazi ya Bi Tull, amekaa kwenye kiti cha marehemu, sahani magotini, televisheni inapiga kelele za mpira.

Aliyekuja ni Vernelle Gaither. Nyumba yake na ya mama zimetenganishwa na kiwanja kitupu tu, na wawili hao walifua pamoja mashuka ya hospitali tangu mimi nikiwa shule ya msingi mpaka walipostaafu. Yeye hakwenda makaburini kwa sababu alitaka tukirudi tukute chakula cha moto. Siku hiyo kulikuwa na baridi, akavaa koti kubwa jeusi la marehemu mumewe. Mikono yote miwili ilishika bakuli la makaroni ya jibini lililotoka kwenye oveni, limefungwa taulo. Aliita, "Ni mimi!" Kisha akafanya anavyofanya kila mwanamke wa hapa mwenye mikono iliyojaa: akageuka, akausukuma mlango kwa makalio, akaingia kinyumenyume.

Royce akaona mgongo wa koti jeusi. Hakuuliza. Aliruka na bastola mkononi, akapiga ukelele ambao Vernelle anasema hakuelewa hata neno moja. Vernelle aligeuza shingo, akaona tundu la bastola, akarudi nyuma, akaporomoka ngazi za jikoni pamoja na bakuli lake. Mkono wa kulia ukavunjika kwenye kifundo. Makaroni yakamuunguza shingo. Na binamu yangu jasiri akafanya nini? Alifunga mlango kwa komeo, akaenda kujifungia bafuni, akapigia polisi simu. Vernelle alijikokota peke yake kuvuka kile kiwanja, na binti yake akampeleka hospitali.

Tuliporudi kutoka makaburini tulikuta gari la polisi na watu wamemzunguka Royce uani.

"Mwanamume mweusi," alikuwa anasema, "mrefu, futi sita hivi. Nikamwonyesha chuma tu, akatimua mbio. Sikuhitaji hata kufyatua."

Vernelle ni mweusi, ndiyo, na sisi ni weupe, na kila mtu mjini analizunguka neno hilo kama shimo barabarani, basi mimi nalisema. Lakini futi sita! Vernelle hunifikia begani akivaa viatu vya kanisani.

Nilikwenda nyuma. Ngazini kulikuwa na makaroni yaliyomwagika na vipande vya bakuli. Nikaokota kimoja chenye utepe. GAITHER. Nikampelekea askari wa kaunti.

"Mwizi gani anakuja na makaroni ya moto?" nikamuuliza.

Akakitazama. "Labda aliyaiba kwingine, mama."

Naapa alisema hivyo. Nilipomwambia ni nani, akavua kofia, akakuna kichwa, akasema pole sana, ila mwenye kulinda nyumba akiogopa, sheria iko upande wake. Akaandika alivyotaka: mvamizi alifukuzwa, hakuna aliyeumia. Hakuna aliyeumia! Wakati huo huo Vernelle alikuwa anafungwa plasta ngumu kuanzia vidole mpaka kiwiko.

Nilidhani Royce akijua atalia. Nilidhani atakimbilia kule kwa magoti, maana Vernelle amemlisha huyo mtu tangu hajaota meno ya mbele. Nilimkuta dukani kwake siku ya pili, nikamweleza yote. Akabadilika rangi, kwa muda nikaona yule Royce ninayemjua. Halafu mteja mmoja akaingia, akampiga bega, akamwambia, "Shujaa wetu!" Rangi ikarudi.

"Sasa Ardith," akasema mteja alipotoka, "hebu tufikirie. Huyo Vernelle alikuwa anatafuta nini nyumba ikiwa haina watu?"

"Ulikuwemo wewe!"

"Yeye alijua nimo?"

"Alileta chakula, Royce."

"Wote husema hivyo."

Wote nani? Nilimuuliza, akaingia stoo. Lakini neno lile halikubaki dukani. Kufika Jumapili lilikuwa limetembea. Huyu anasema Vernelle anajua mama alikoweka dhahabu zake, kana kwamba mama alikuwa na dhahabu. Yule anasema hakuna moshi bila moto. Vernelle baada ya kustaafu alikuwa anawahudumia wazee majumbani, anawaogesha, anawapa dawa. Familia mbili zikamwambia apumzike kwanza. Mmoja wa wazee hao ni Bi Tull mwenyewe, yule wa saladi ya viazi, aliyekuwa hawezi kufunga vifungo vya gauni bila Vernelle.

Nikaenda kumwona. Alikuwa jikoni kwake, anajaribu kumenya kiazi kwa mkono wa kushoto.

"Tutafute wakili," nikamwambia.

"Wakili wa nini, mwanangu? Umesikia alichosema yule askari. Watanigeuzia mimi, waniambie niliingia nyumba ya watu." Akaweka kisu chini. "Mimi nataka kitu kimoja. Royce asimame mbele ya watu wale wale aliowaambia, aseme alikosea, ni Vernelle, alileta chakula. Basi. Nimeishi hapa maisha yangu yote bila kuitwa mwizi, na sitaki kuzikwa nikiitwa hivyo."

Nilirudi kwa Royce mara ya pili na ya tatu. Mara ya mwisho alinijibu huku anapanga maboksi ya grisi.

"Nikisema hivyo nitaonekana mjinga."

"Lakini wewe ni mjinga."

"Ardith, nina darasa. Watu wananitegemea. Halafu nimeshahojiwa."

"Na nani?"

Akavimba kidogo. Watafiti wa chuo kikuu fulani walikuwa wamepiga simu nyumba kwa nyumba, wanauliza kama mtu amewahi kutumia silaha kujikinga na mhalifu. Wakampata yeye. Akasema ndiyo. Wakauliza kama mhalifu alikimbia. Akasema alikimbia. Kama mtu aliumia. Akasema hakuna.

"Hivyo ndivyo takwimu zinavyopatikana," akaniambia, kama mwalimu. "Unajua ni mara ngapi kwa mwaka raia wa nchi hii wanajiokoa kwa bastola? Mamilioni! Wengine wanabisha, wanasema ni kidogo sana, lakini mimi najua. Na karibu mara zote hata risasi hailii."

Kwa hiyo Vernelle na makaroni yake yumo humo. Yeye ndiye mhalifu aliyekimbia. Na kama wamepiga simu kwa watu mia, na mmoja ni Royce, watamzidisha Royce mpaka aenee nchi nzima, na kila Royce ana Vernelle wake chini ya ngazi. Ni wangapi? Mimi sijui. Ninachokasirikia ni kwamba na wao hawajui, kwa sababu hakuna aliyempigia simu Vernelle.

Msinielewe vibaya. Sichukii bunduki. Mama alikuwa na bunduki ya kuwindia ya baba, juu ya kabati, na aliitumia. Asubuhi moja ya Jumapili, mpangaji wetu wa zamani, mlevi, alikuja kuvunja mlango akitaka kumpiga. Nilikuwepo, msichana mdogo, nimejificha nyuma ya friji. Mama alisimama katikati ya jikoni na ile bunduki na kitu cha kwanza alichosema ni, "Nani?" Yule mtu akataja jina lake na alilokuja kufanya. Mama akamwambia, "Nakusikia. Ukiingia nitakupiga." Hakuingia. Vernelle ndiye aliyekimbia kumwita sherifu, akarudi akamkuta mama bado amesimama, na akamtoa bunduki mikononi taratibu. Mama hakula siku ile. Hakumsimulia mtu, hata kanisani. Hakuna mtafiti aliyempigia simu, na angepigiwa nadhani angekata. Kwa hiyo ya mama haikuhesabiwa, ya Royce imehesabiwa. Mtu asiniletee takwimu.

Jumamosi iliyofuata nilipika makaroni ya jibini kwenye bakuli la mama. Nikaenda kuazima koti kwa Vernelle.

"Unalipeleka wapi?" akaniuliza.

"Kanisani."

Alinitazama sana. "Ukifika mlangoni, ita. Ita kwa nguvu."

Ukumbi wa kanisa una jiko nyuma, na mlango wa jiko unafungukia pale pale watu wanapokaa. Ndugu Lyle, mchungaji wetu, huwawekea kahawa na donati. Nje nilisikia wanaangalia video, milio na muziki mkubwa. Mikono yangu ilikuwa imejaa bakuli la moto. Nikaita, "Ni mimi! Ardith!" Niliita kwa nguvu kama nilivyoagizwa. Kisha nikageuka, nikausukuma mlango kwa makalio, nikaingia kinyumenyume.

Sitadanganya, nilidhani watacheka. Nilidhani Royce ataona koti, ataelewa, ataona aibu. Nilichosikia ni viti vinakwaruza sakafu, na mtu akasema "Hee!" Nilipogeuka, Royce alikuwa amesimama mbele ya darasa lake na bastola imeshatoka, tundu linanitazama kifuani. Nyuma yake wanaume wawili walikuwa na mikono chini ya mashati. Bi Tull, aliyejiunga na darasa kwa hofu ya mwizi yule, na uzee wote ule, alikuwa anahangaika na zipu ya mkoba wenye bastola yake.

Sijui bakuli halikuanguka kwa nini. Nikatembea mpaka mezani, nikaliweka kando ya donati. Mtu akazima video.

"Yesu wangu, Ardith!" Royce akasema. Uso umemtoka jasho. "Nusura nikuue! Unaingiaje hivyo?"

"Kama ninavyoingia tangu nizaliwe. Niliita."

"Sikusikia!"

"Najua hukusikia. Hukusikia na siku ile." "Hili koti ni la Vernelle. Hilo bakuli ni makaroni. Hivi ndivyo alivyoingia jikoni kwa mama yangu. Sasa mpigie yule mtu wako wa chuo kikuu, mwambie umefukuza mhalifu mwingine. Nihesabu na mimi. Ila mimi sikimbii, Royce, utaandika nini hapo?"

Alirudisha bastola kiunoni, akaikosa ala mara ya kwanza. Ndugu Lyle akaanza kusema tuombe, mwanamke mmoja akamwambia, "Hebu ngoja kwanza, Ndugu Lyle."

Ni Bi Tull. Alikuwa ameacha zipu nusu. "Royce, baba," akasema. "Siku ile uliuliza ni nani?"

"Hakukuwa na muda, Bi Tull."

"Muda wa kuuliza 'nani'?"

"Mambo haya huenda haraka sana. Ndicho ninachowafundisha."

"Alikuwa na muda wa kuongeza saladi yako," nikamwambia Bi Tull. "Nilikuta sahani yake ya pili kwenye kiti cha mama, imelambwa safi."

Hakuna aliyecheka. Bi Tull alisimama polepole, akashika kiti cha mbele, akavaa koti lake. Vifungo vilimshinda, nikamfunga mimi. Akaniambia nimpeleke kwa Vernelle, na nichukue makaroni.

Tulipita jikoni kwa Vernelle, tukaita, akatuitikia. Bi Tull alilia mezani pale na kuomba radhi hata kwa yale asiyoyafanya, na Jumatatu Vernelle alirudi kumwogesha, mkono mmoja ukiwa kwenye plasta. Ile familia nyingine haijamwita. Mjini wanaongea nusu kwa nusu, na Royce hajasema lile neno moja aliloombwa. Darasa limepungua watu kidogo, halijafungwa.

Plasta imetolewa sasa. Mkono umepona kombo, Vernelle hawezi kunyanyua bakuli lililojaa, hivyo msiba ukitokea mimi hubeba lake na langu. Naye siku hizi hapiti jikoni kwa mtu. Nilimwona wiki iliyopita kwa akina Hensley waliofiwa na baba: amezunguka mpaka mlango wa mbele, amesimama kibarazani na koti lake kama mchuuzi, mkono umeinuliwa juu ili waliomo ndani wauone mtupu, anabisha, anangoja, anabisha tena.