Mgongo Wangu Katika Filamu Kumi na Mbili

Kabla ya kuwa mwigizaji nilifukuzwa kazi tatu. Kwa dobi niliunguza koti la bwana harusi. Dukani niliuza viatu, vyote viwili vya mguu wa kushoto. Ulinzi? Waliniibia kiti nikiwa nimekikalia. Nikashika spana, nikawa fundi bomba miaka sita, na hapo, sijisifu, nilikuwa moto. Basi kwa akili zangu timamu nikaacha, nikaenda kuigiza.

Filamu kumi na moja, zote nimekufa, tena kifudifudi. Mama alikuwa akinitafuta kwenye televisheni na miwani mbili, moja juu ya nyingine.

“Mgongo wako nimeuogesha mimi, naujua,” akaniambia. “Nionyeshe uso, baba, kabla macho yangu hayajazima.”

Iliniuma. Kwa hiyo nilipopewa nafasi ya mume anayerudi nyumbani kuomba msamaha, nilimwapia: safari hii ni uso, na maneno matatu juu yake. “Nisamehe, mke wangu.” Niliyasema bafuni wiki nzima.

Siku ya kurekodi, kwenye jiko la nyumba ya kuazima, bomba la sinki likawa linavuja. Tone. Nikafungua mdomo, tone. Wallahi mkono ulijiendea wenyewe mfukoni, kwenye spana. Ndiyo, bado natembea nayo, mnicheke tu. Nilipozinduka nilikuwa kichwa ndani ya kabati la chini, nakaza nati huku nikimsonya fundi aliyenitangulia.

Mwongozaji hakupiga kelele tukatishe. Alikuwa analia!

“Huo ndio msamaha wenyewe,” akasema. “Maneno ya nini tena?”

Nikaomba turudie, nikabembeleza, wapi! Sehemu zote za uso zikakatwa.

Siku ya kuonyeshwa filamu nilimketisha Mama mstari wa mbele. Nikatokea: kisogo mlangoni, kisha mgongo, dakika nzima, na suruali imeshuka kidogo. Nilitamani ardhi inimeze. Mama akanishika mkono.

“Huyo ndiye wewe.”

“Lakini uso, Mama. Nilikuahidi.”

“Migongo ile mingine yote ilikuwa imekufa. Huu unafanya kazi.” Akavua miwani, zote mbili, akajifuta macho. “Kesho njoo nao, na spana yako. Bomba langu linavuja tangu uanze kufakufa.”