Mahali ya Ng'ombe

"Nataka mahali ya ng'ombe," alisema Mzee Yotham kwa mara ya tatu, na kwa mara ya tatu Mnyapara Shaaban akasikia mahari.

Mnyapara alikuwa mtu wa Pangani, na Kiswahili cha bara kilimkera kama mchanga kwenye wali. Akawageukia vibarua waliokuwa wakijaza tuta la reli ya Wadachi pale Zuzu. "Nani kati yenu kachukua binti wa mzee huyu? Anadai mahari!"

Majembe yakatulia.

Batuli, mpishi wa kambi, akaacha mwiko kwenye ugali. Tangu atoke Kondoa alikuwa amewapakulia Wanyamwezi, Wamanyema, na Mdachi mwenyewe, kila mmoja na Kiswahili chake, na hakuna aliyelala njaa kwa sababu ya ulimi. Hakusikiliza neno peke yake. Alitazama pia macho ya msemaji yanakwenda wapi. Ya Yotham hayakuwa kwa vijana hata kidogo. Yalikuwa kwenye upenyo wa mwisho wa tuta, ambao ungefungwa kabla ya adhuhuri, na ng'ambo yake ndiko kulikobaki maji. Nyuma ya mzee ng'ombe walikuwa wakilia kwa kiu. Batuli akaingiwa na huruma, na hasira kidogo.

"Mnyapara, anasema mahali! Pa kupita ng'ombe wakanywe! Mkifunga hapo mmewaua."

"Enhee! Mahali!" Yotham akapiga makofi. "Huyu mama anasikia!"

Shaaban akaona haya, kisha akacheka mpaka kofia ikamdondoka. "Basi pasifungwe. Nitamwomba bwana mkubwa tuweke daraja."

Lakini kibarua mmoja, Silvano, alikuwa ameshatoka mstarini, jasho likimtiririka. "Shikamoo, mzee. Ni mimi. Ila binti yako Priska sijamchukua! Nilikuwa bado natafuta ujasiri wa kuja kwako."

Kambi nzima ikaangua kicheko, isipokuwa Yotham. Alimtazama kijana kuanzia miguuni hadi utosini, akapiga mluzi, na ng'ombe wakaanza kupita. Alipofika katikati ya upenyo akasimama.

"Wewe! Kesho uje kwangu, tuzungumze ile mahali."

Silvano akamgeukia mpishi, macho yamemtoka. "Mama Batuli, kasema ipi?"

Batuli akayatafuta macho ya mzee, lakini alikuwa ameshawapa mgongo, akitokomea taratibu katika vumbi la ng'ombe wake.