Koko Anakataa Watu wa Nyuma

Alhamisi ile nyumba ya Benitha pale Kashojwa, ndani ya kambi ya wakimbizi, ilijaa mpaka watu wakawa wanapokezana viti. Huku wanamenya ndizi, kule wanapiga pasi vitenge vya kwaya, na kila aliyeingia alikuja na habari yake. Isimbi, binti pekee wa Benitha, alikuwa anaolewa Jumamosi huko Mbarara, katika kanisa la upande wa bwana arusi, Kakoba. Benitha hakukaa chini tangu asubuhi. Anaonja mchuzi, anacheka, anauliza nani kasema nini, na kabla hajajibiwa ameshahamia chumba kingine.

Katika pitapita hizo ndipo akatamka la kutamka. Musoni, mjomba wa bwana arusi, alikuwa amekuja kupanga safari, akasema kwa upole kwamba ataleta gari jipya la kumbeba bibi arusi. Benitha akasimama na mwiko mkononi.

"Hapana, muzee. Mutoto wangu atatoka hapa mu gari yangu. Na miye mwenyewe njo nitaendesha."

Vigelegele vikapasua bati. Musoni akatoka nje kuitazama hiyo gari. Mtaa mzima waliiita Koko, yaani babu, kwa heshima ya uzee wake, nyeupe iliyogeuka rangi ya maziwa ya jana. Tangu Benitha afike kambini, Koko ndiye aliyekuwa mume wake, shamba lake na benki yake. Isimbi alisoma kwa nauli za Koko.

"Basi tuijaribu," Musoni akasema. "Bibi arusi anakaa nyuma, katikati ya mashangazi wawili, kama kawaida yetu. Tupande hivyohivyo."

Kiti cha nyuma kilikuwa kimetolewa wiki nzima kupisha masufuria na magunia ya mchele. Kikarudishwa mbio mbio. Isimbi akaingia katikati. Kushoto akakaa shangazi yake Mukashema, na kulia Marie, rafiki wa Benitha aliyehesabiwa shangazi, na sauti kubwa ya kwaya, mwili pia haukubaki nyuma. Musoni akakaa mbele. Koko akaondoka kwa madaha, watoto wakimkimbilia. Hawajafika hata kisimani, mshale wa saa ya injini, ile saa iliyo pembeni ya spidi inayoonyesha injini inazunguka kwa kasi gani, ukaanguka pu! hadi sifuri. Koko akakohoa, akazima.

Wakashuka kusukuma. Koko akawaka hata kabla hajasukumwa vizuri. Wakapanda. Akazima.

Musoni hakupandisha sauti, na hapo ndipo palipouma. "Mama Isimbi, bibi arusi hatashuka njiani na shela yake kusukuma gari. Watu wangu watasema nini? Kesho jioni nitapita. Ikizima tena, naleta ile yangu."

Nyumbani kila mtu akawa fundi. Petroli ina maji. Betri imechoka. Kuna jirani mwenye jicho baya, na jina lake likatajwa kwa kunong'ona mpaka mwenyewe akaingia kuomba chumvi. Lakini Elisée, kijana wa vipaza sauti wa kwaya, ndiye aliyesikilizwa.

"Ni ile saa, maman. Hamukuona? Mushale unaanguka kwanza, njo injini inakufa. Saa njo inaua injini!"

"Ni kweli, hata miye niliona!" wakadakia hata waliokuwa jikoni.

Ijumaa alfajiri Benitha akaondoka kwenda kwa fundi mjini, Marie mbele, Elisée mwembamba peke yake nyuma kama bua. Safari nzima Koko hakukohoa hata mara moja. Walipoingia Kakoba, Benitha alikuwa ameshaanza kuona haya kwa kumpeleka mtu mzima kwa daktari.

Barigye, fundi wao wa siku zote, aliwapokea na mikono yenye oili hadi viwiko. Akasikiliza, akatikisa kichwa, akaenda nyuma ya gereji kung'oa saa ya injini katika gari bovu la aina ileile. Akaifunga. Akaendesha peke yake mpaka ng'ambo ya mto, Nyamitanga, akapanda kilima na kurudi, mshale ukicheza vizuri na mguu wake.

"Nyabo, hii sasa iko sawa kabisa. Enda uoze mtoto."

Benitha karibu amkumbatie. Marie, ambaye hapiti mjini bila kuokota watu, tayari alikuwa amewakusanya binti zake wawili wanaoishi Kakoba, waje kulala Kashojwa nyumbani kwa bibi arusi. Wakajipanga nyuma na mifuko yao, Marie kulia kama jana, Elisée akahamia mbele. Koko akasogea hadi kwenye geti la gereji. Mshale, pu! Kimya.

"Maawe!" Barigye akashika kiuno. "Gari yako inachagua watu."

"Inasema niko munene, ao?" Marie akatoa kichwa dirishani. "Fundi, sema wazi, niko hapa nakusikia!"

Waendesha boda wa pale nje wakaangua kicheko. Benitha hakucheka. Akilini aliuona uso wa Musoni, akaliona lile gari jipya likiingia Kashojwa, na yeye amesimama mlangoni anapunga mkono kama jirani. Kisha kitu kikamgonga.

"Ngoja. Jana tulipanda batatu nyuma, ikazima. Tulipokuja asubuhi, Elisée alikuwa nyuma peke yake, haikuzima. Fundi uliendesha gari tupu, haikuzima. Marie, shuka!"

Marie akashuka. Koko akawaka.

"Panda!"

Marie akajitupa kitini. Koko akafa.

"Wee! Rudia!" boda mmoja akapiga kelele, na geti la gereji likajaa watu. Muuza ndizi akaacha beseni lake. Kila Marie alipoinuka, injini ilikubali; kila alipoketi, ilikata, na umati ukaitikia kama kanisani. Marie mwenyewe alianza kuona raha, anaketi kwa mapozi, anainua kitenge.

Barigye alikuwa ameinama kwenye dirisha la dereva, hacheki tena, macho kwenye mshale. "Mama, fanya tena. Polepole." Akatazama. "Mnaona? Kama ni petroli, injini inachoka, na mshale unashuka pamoja nayo. Huu unaanguka mara moja. Hiyo ni umeme, kuna fasi unakatwa. Saa hii haiui mtu. Inalia tu kwa sababu imepigwa kwanza."

Akaitoa tena ile saa, safari hii akaufuata waya wake kwa vidole hadi ndani kabisa ya dashibodi. Akasimama. Waya wa saa, ule unaotoka kwenye koili ya kuwashia plagi, ulikuwa na mwenzake mwekundu, amesokotwa juu yake na kufungwa kwa kipande cha mfuko wa plastiki. Ule mwekundu ukashuka chini ya zulia. Wakafunua zulia. Ukaenda nyuma. Wakainua kiti. Ncha yake ilikuwa wazi, imelala juu ya bati, na juu yake kabisa, spiringi ya kiti.

"Mtu mzito akikaa, spiringi inakandamiza waya kwenye bati," Barigye akasema. "Umeme wa plagi wote unamwagika hapa. Nani aliweka hii?"

Benitha akageuka taratibu. Elisée alikuwa ghafla amevutiwa sana na tairi lililotundikwa ukutani.

"Elisée, weye!"

"Maman, ilikuwa ya kutangaza krusedi ya injili! Nilitafuta waya wa moto kwa ajili ya kipaza sauti. Kikanguruma tu kama nyuki, nikakata, nikaacha ncha chini ya... kiti hakikuwa hapo, maman!"

"Na jana ukasema saa njo inaua! Mbele ya bantu bote!"

Marie akamvuta sikio, watu wakapiga makofi. Barigye akaung'oa ule mwekundu wote, akaifunga sehemu ya kiungo kwa utepe wa kweli. Wakapanda: Marie, binti zake, hata muuza ndizi na beseni lake. Wakavuka daraja la mto Rwizi, wakapanda Nyamitanga wakiimba kwa sauti zote nne, na mshale ukasimama pale ulipotakiwa kusimama, umenyooka.

Jioni Musoni aliwekwa nyuma, katikati ya Marie na Mukashema, wakamzungusha Kashojwa yote mpaka akaomba mwenyewe kushushwa. "Basi," akasema akipangusa jasho, "nimeshindwa."

Jumamosi Benitha aliendesha na kilemba chake cha manjano, jicho moja barabarani, jicho moja kwenye saa. Nyuma Isimbi alikuwa katikati ya mashangazi, shela imejaa gari zima. Walipofika kanisani Kakoba, kwaya ikawapokea, mashangazi wakashuka, wageni wakaanza kuingia. Benitha akabaki kwenye usukani. Injini ilikuwa bado inanguruma. Mkono ulishika ufunguo, lakini haukugeuka.

Isimbi akainama dirishani, shela ikamfunika mama yake pia.

"Mama, tumefika. Zima tuingie."

Benitha akautazama mshale mara moja zaidi, akazima mwenyewe, akashuka akamshika binti yake mkono.