Kope za Mwanamke Mwingine

Mama yangu alilazwa juu ya kitanda cha shaba, sebuleni kwetu Kumasi, akiwa na kope za mwanamke mwingine. Zilikuwa ndefu, zimebandikwa kwa gundi, na ya kushoto ilikuwa imeanza kubanduka. Uso walikuwa wameupaka poda ya rangi ya biskuti, ikaishia shingoni. Mikono yake ilibaki myeusi kama alivyozaliwa nayo. Midomo ilikuwa myekundu. Juu ya yote hayo, wigi la kahawia lilimwagika mabegani. Chumba kilinuka manukato yaliyomiminwa juu ya dawa ya mochwari. Nilitoka nje nikatapika kwenye maua.

Hata leo, miaka mingi baadaye, nikipita duka la vipodozi nikasikia harufu ile, mate ya kichefuchefu hunijaa mdomoni.

Mama, Abrafi muuza samaki wa moshi, hakuwahi kugusa poda. Alinyoa kama bibi zake wa Kiasante: pembeni zote wembe, utosini duara la nywele mfano wa kofia, akalipaka masizi na mafuta ya shea mpaka likang'aa. Baba alipopata kazi ofisini alimtaka azinyooshe nywele kwa kitana cha moto kama wake za wenzake. Mama alimtazama, wembe mkononi.

"Anayetaka uso mwingine," alisema, "akaoe mwingine."

Baba akaenda akaoa. Asubuhi ile ile Mama alikwenda sokoni, kichwa kinameta, akauza samaki wote. Nilikuwa mtoto, nikadhani ni kiburi tu. Nilipokuwa mkubwa nikaelewa kuwa kila alichotaka kuwaambia watu kuhusu nafsi yake alikuwa amekwisha kukisema kwa kichwa kile.

Lakini kwetu maiti si ya watoto wa marehemu. Maiti ni ya ukoo wa upande wa mama, na mkuu wa ukoo wetu alikuwa Mjomba Agyeman, ambaye alikuwa amealika wakubwa wa kanisa lake na mpiga picha za video. Yeye ndiye aliyemleta Madam Gifty, mpambaji wa maiti. Nilipomlalamikia, alinipangusa begani kana kwamba mimi ndiye mchafu.

"Maiti haulizwi sanda, Afia. Dada yangu leo amependeza kwa mara ya kwanza."

Nilimchukia kwa sentensi ile, na sijaacha.

Waombolezaji walianza kuingia. Walizunguka kitanda, wakalia kwa adabu, wakatoka. Kisha akaingia Mama Dufie, aliyeuza nyanya kando ya meza ya Mama tangu wote wawili wakiwa wasichana. Alikuja na kitambaa cheupe mkononi na ujumbe mdomoni, maana kwetu anayekufa hupewa salamu za kuwapelekea waliomtangulia. Alisimama, akakunja uso, akainama, akainuka.

"Samahanini," aliwaambia wanawake waliokaa ukutani. "Nimekosea nyumba. Msiba wa Abrafi uko wapi?"

Mmoja alimshika mkono, akamwambia ni huyu. Mama Dufie aliangalia tena, safari hii kwa kinyaa, kama mtu aliyeuziwa samaki aliyeoza.

"Huyu simpi maneno yangu. Atampelekea nani? Huko nako watamuuliza yeye ni nani."

Akakiingiza kitambaa kifuani, akaenda kukaa juani uani.

Saa ya kumbadilisha Mama nguo, pazia lilipofungwa, niliingia na kusukuma komeo. Madam Gifty alikuwa akikunjua kente, nguo ya fahari ya kumvisha.

"Ondoa," nikasema.

"Dada, mjomba wako atanila nyama!"

"Basi kaa pembeni, anile mimi."

Nililivuta wigi. Gundi ilitoa uzi kama bamia. Kope nilizibandua kwa kucha. Midomo niliifuta kwa pindo la nguo yangu ya msiba, na wekundu ulikuwa mwingi mno, ukazidi kuja. Gifty alinung'unika, kisha akachovya pamba kwenye mafuta, akaanza kufuta shingo. Nilimtuma jikoni akakwangue chini ya masufuria ya wapishi, akarudi na masizi kwenye kifuniko. Mimi nikatoa wembe na kopo la shea chumbani kwa Mama. Ngozi yake ilikuwa baridi na ngumu. Nilinyoa pembeni taratibu, nikapaka.

Pazia lilipofunguliwa, Mjomba alisimama mlangoni na wageni wake. Mshipa ulimtoka kwenye paji la uso, lakini kamera ilikuwa ikipiga, ikambidi atabasamu. Baadaye ukoo ulinitoza kondoo, na Mjomba hakunisalimu mpaka alipokufa.

Niliita kuelekea uani, "Mama Dufie, njoo."

Alikuja akiburuta kandambili. Alimtazama Mama kwa muda mrefu, akapiga ulimi.

"Kumbe upo. Ulikuwa umejificha wapi, we mwanamke?"

Akatoa kitambaa, akakipenyeza chini ya vidole vya Mama, akainama mpaka sikioni.

"Ukimwona mwanangu Kwabena, mwambie mkewe amejifungua. Mwambie ni wa kiume. Mwambie ana masikio kama yake."