Runinga Kabla ya Jumatatu

Habari ya ushuru ililetwa nyumbani kwa fundi mapazia na mdogo wake, kinyozi ambaye ukoo mzima ulimwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kumzimia. Aliingia bila hodi, taulo la kazi bado liko begani.

"Dada, umesikia? Kuanzia Jumatatu ushuru wa tivii zinazotoka nje unapanda. Simu, kompyuta, vyote. Tukizubaa tumekwisha."

Fundi mapazia akaondoa mguu kwenye cherehani. Tangu mwanzo wa mwaka yeye na mdogo wake walikuwa wakidunduliza ili wamnunulie baba yao televisheni kubwa. Mzee huyo, dereva wa malori mstaafu, aliishi kwa binti yake tangu alipofiwa na mkewe, na starehe yake ilikuwa moja tu, mpira. Lakini tivii ya nyumbani ilikuwa ndogo, na siku hizi alivuta kigoda hadi pua ikakaribia kugusa kioo.

"Wachezaji wamekuwa sisimizi," alilalamika. "Refa ndiye simwoni kabisa. Na yeye naona hatuoni, maana penalti zetu zote anazimeza."

"Si tulikubaliana tusubiri mwisho wa mwaka?" dada mtu aliuliza.

"Mwisho wa mwaka utanunua boksi tupu. Bei ikishapanda mchongoma, dada yangu, nani ataishusha?"

Jumamosi wakaenda wote watatu. Duka la vifaa vya umeme lilikuwa limefurika kana kwamba vitu vinagawiwa bure. Mama mmoja alikuwa amekumbatia pasi mbili. Alipoulizwa za nini, alisema hajui, ila anajua zitapanda. Jamaa mwingine alikuja kutafuta betri ya saa, akawa anatoka na spika ndefu kama mlango. Juu ya kila karatasi ya bei palikuwa pamebandikwa nyingine, na gundi yake ilikuwa bado mbichi.

Fundi mapazia akamwendea mwenye duka. "Kaka yangu, leo Jumamosi. Ushuru unaanza Jumatatu. Na tivii hizi nimeziona hapa na vumbi lake tangu zamani. Zimepandaje?"

Mwenye duka hakufoka. Akajifuta jasho. "Ni kweli, dada, hizi ziliingia kwa ushuru wa zamani. Lakini nikiziuza kwa bei ya zamani, nitakachopata hakitaleta mzigo mwingine. Nitakuwa nauza duka langu kipande kipande."

Hata fundi mapazia mwenyewe, kitambaa kilipopanda bei, hakusubiri jora la zamani liishe ndipo awaambie wateja.

"Lipa, dada," Redio alimnong'oneza. "Yule mwenye kofia anaimezea mate ile ya mwisho."

Kisha Redio akamshika baba yao mkono, akamsogeza mbele ya televisheni yenyewe, kubwa kama dirisha la sebuleni. Kwenye kioo chake ndege weupe walikuwa wakiruka juu ya mbuga ya majani mabichi.

"Unaionaje, mzee wangu?" mwenye duka aliuliza.

Mzee akakaza macho, kisha uso ukamchanua. "Safi sana! Hapa sasa ni raha tupu. Tazama winga huyo anavyopanda!"

Redio akacheka, akidhani baba anatania. Mzee hakucheka. "Mpeni pasi huyo!" akapiga kelele.

Mambo ambayo binti yake alikuwa akiyapuuza yakamjia yote kwa mpigo: chai ambayo baba aliimimina kando ya kikombe, simu aliyompa yeye amsomee kila ujumbe, ukuta aliokuwa akiupapasa akielekea chumbani. Simu yake mwenyewe ilikuwa mkononi, tayari kulipa. Akairudisha kwenye mkoba.

"Dada! Bei itapanda!"

"Ipande," alisema, akamshika baba yake mkono wakatoka.

Kivulini, nje ya duka, alimuuliza taratibu, "Baba, mle ndani ulikuwa unaona nini?"

Mzee akageuza uso kuelekea dukani. "Weupe juu ya kijani. Sasa weupe juu ya kijani ni nini, kama si timu yetu?" Kisha sauti ikashuka. "Marehemu babu yenu alifariki akiwa haoni. Nilipoanza kuona ukungu, nikajua zamu yangu imefika. Sikutaka kuwatia simanzi, wanangu. Nikasema labda tivii kubwa itanisogeza mbele kidogo."

Redio, kwa mara ya kwanza maishani, alikosa habari ya kutangaza.

Jumatatu, siku ushuru ulipoanza, walikuwa kwenye kliniki ya macho. Daktari alimmulika mzee kwa muda mrefu, jicho moja baada ya lingine, huku binti yake akiupindapinda ukingo wa mtandio mpaka ukawa kamba.

"Ni mtoto wa jicho," daktari alisema. "Macho yote mawili. Nyuma ya ukungu ni mazima kabisa. Tunautoa ukungu, tunaweka lenzi, mzee anaona."

Fundi mapazia akauachia ule mtandio. Wahenga walisema macho hayana pazia. Ya baba yake yalikuwa nalo, na yeye mwenye kazi ya mapazia hakuliona.

"Watoto wa jicho wawili!" Redio alipata sauti tena. "Kumbe baba una watoto wengine na hukutuambia?"

Mzee akacheka hadi daktari akaweka tochi chini kumsubiri. Redio hata hivyo alikuwa na hofu moja iliyobaki. "Samahani, daktari. Hizo lenzi zinatoka nje?"

"Zinatoka nje. Lakini ushuru mpya hauzigusi."

Redio akamkumbatia dada yake pale pale. Zile fedha za tivii zingetosha.

Baada ya upasuaji, jicho la kwanza lilifunguliwa bandeji, na baadaye la pili. Siku walipotoka kliniki kwa mara ya mwisho, mzee alikataa kupanda gari. Alitembea katikati ya wanawe akisoma kwa sauti kila kibao cha barabarani, kama mtoto aliyejua kusoma jana. "Saluni ya Kisasa. Tunatengeneza viatu. Usitupe takataka hapa, mbwa wewe!"

Walipofika kwenye lile duka, hapakuwa na msukumano tena. Mwenye duka aliketi mlangoni, shavu mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba." Mzee akaisoma bei ya tivii kubwa iliyobandikwa dirishani, akairudia polepole, kisha akamgeukia binti yake kwa mshangao. "Hii ndiyo mliyotaka kuninunulia? Hamna akili nyie!"

Akaendelea na safari, akinyoosha shingo kutafuta kibao kinachofuata.