Mbawa za Mkono Unaotetemeka

Tone la nta lilianguka katikati ya ubawa wa ndege niliyekuwa nikimchora kwenye kitambaa, mahali ambapo mama yangu asingekubali hata nzi atue. Nililitazama likiganda. Nguo ilikuwa ya harusi ya Ratri, mtoto wa marehemu dada yangu, na katika ukoo wetu hapa kijijini Imogiri maharusi hawavai nguo iliyochorwa na mkono wa kukodi. Mikono ya ukoo inayojua kazi hiyo ilikuwa imebaki miwili. Yote ni yangu, na yote ilikuwa ikitetemeka.

Zamani ukumbi huu wa kuchorea ulijaa wanawake. Waliizunguka sufuria ya nta wakiwasengenya waume zao, kila mmoja akipuliza mdomo wa kikalamu chake cha shaba cha kuchorea kwa nta kabla ya kugusa kitambaa. Mpaka leo harufu ya nta ya moto ikinipata, hata niwe sokoni, namsikia Mama akiniambia, "Warsini, usiikimbize nta. Nta si kuku." Nikisema sizitamani siku zile nitakuwa mwongo.

Nami nilikuwa hodari. Kabla ya vidonge, ugonjwa wangu wa akili uliponipandisha, mkono wangu haukukosea. Nilichora bila kula wala kuchoka, ndege juu ya ndege, na watu walitoka mji wa Solo kuja kutazama. Ugonjwa huohuo uliponishusha, niligeukia ukuta nikashindwa hata kuoga. Daktari akaupa jina, akanipa vidonge vya lithiamu, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kuamka, kupika na kwenda sokoni. Mtetemo mdogo wa vidole ulikuja pamoja na dawa. Nikauzoea, kama mtu anavyomzoea mkwe msumbufu.

Lakini nguo ya harusi huanzwa kwa funga nyeupe. Mama aliifunga kila mara: wali mweupe na maji, basi. Hakuna pilipili, hakuna sukari, hakuna chumvi. Moyo unatakata, mkono unatulia. Nami nikafunga, huku nikimeza vidonge vyangu kama mwanafunzi mtiifu. Badala ya kutulia, mkono ukazidi kucheza. Tumbo likachafuka, miguu ikaniyumbisha.

Mume wangu, Paidi, alinikuta nikilikwangua lile tone kwa ukucha.

"Baba Danang," nilimwambia, "hivi vidonge naviweka kando mpaka harusi ipite. Nikimaliza nguo nitavirudia."

Akaketi mkekani. Ni mtu wa maneno machache, na mengi ya hayo huwapa njiwa wake. "Hata nguo ya harusi ya Danang uliichora umeviweka kando," alisema.

"Si ndiyo hiyo nasema. Nani amewahi kuona nguo kama ile?"

"Hakuna. Watu wanaisifu mpaka leo." Akauondoa ukucha wangu kitambaani. "Wewe uliionaje alipoivaa?"

Siku Danang, mwanangu wa pekee, alipooa, mimi nilikuwa hospitali ya mjini, nimefungiwa mlango, nawaimbia wauguzi. Ile nguo nimeiona imevaliwa kwenye picha tu. Niliona aibu, kisha uchungu, kisha nikamkasirikia Paidi kwa kusema kweli kwa upole namna ile.

"Twende kituo cha afya," akasema. "Kuyumba huku si kawaida yako."

Muuguzi aliniuliza nimekula nini.

"Wali."

"Na nini?"

"Na maji. Nimefunga nyeupe, mwanangu. Nachora nguo ya harusi."

Akaacha kuandika. "Mama, mwili ukikosa chumvi unaing'ang'ania ile dawa. Inajaa kwenye damu mpaka inakuwa sumu. Hukuambiwa usiache chumvi?"

"Niliambiwa. Nilidhani ni mambo ya jikoni. Hii ni funga."

"Figo zako hazijui tofauti," alisema, na Paidi akainamisha uso nisimwone anavyocheka.

Walinitundikia maji, wakanipima damu, na daktari akaisimamisha dawa mpaka ishuke kwenye damu. Nikarudi kwenye chumvi na kwenye nguo. Mungu wangu, mkono ulivyotulia. Nilichora mbawa ambazo Mama angezitembeza kijiji kizima. Nilikuwa nimefika nusu ya nguo daktari aliponipima tena na kuniambia nivianze upya vidonge.

Kidonge kilikaa kiganjani, na kiganja hakikutikisika. Nilijua nikichelewesha kidogo tu nitaimaliza nguo hivyohivyo, safi mwanzo hadi mwisho. Nilijua pia nani alifikiri hivyohivyo kabla ya harusi ya Danang. Nililia kwa uchoyo, kama mtoto anayenyang'anywa kitu chake. Kisha nikameza.

Nusu ya pili ilitoka na mistari inayocheza. Mabibi waliokuja harusini walilipindua pindo la nguo kukagua upande wa ndani, kama ada yao, wakatazamana wasiseme kitu. Kwangu hilo lilitosha kuwa tusi.

Kisha ukafika wakati wa maharusi kupiga magoti kuomba radhi za wazazi. Kwenye kiti cha dada yangu niliketi mimi. Ratri akainama, akaweka uso magotini pangu, na mbawa zangu zote, nzima na mbovu, zikatandazika mbele yangu. Nikamshika mabega.

"Mama mdogo," alininong'oneza bila kuinua kichwa, "unalia au unatetemeka?"

"Vyote viwili," nikamwambia. "Tulia hapohapo kwanza, nikutazame."