Gauni Lisiloongezwa

Shangazi wa bwana harusi alilileta gauni mwenyewe, limekunjwa ndani ya shuka safi, akaliweka juu ya meza yangu ya kukatia taratibu, kama anayelaza mtoto.

"Fundi," akaniambia, ingawa tulikuwa karibu kuwa wakwe, "kila bibi harusi wa kwetu amelivaa hili. Rudishia vifungo tu. Haliongezwi. Kwetu, mtu ndiye anayelifuata gauni."

Nilisema sawa. Mimi si mwepesi wa ubishi, na gauni lenyewe lilikuwa zuri, limeshonwa kwa mkono uliotulia.

Lakini halikumwenea binti yangu, bibi harusi wa safari hii. Ubavuni palibaki uwazi wa vidole vinne. Hakulalamika. Aliacha wali, kisha mkate, akabaki na chai kavu.

"Mwanangu," mama yake akamuuliza, "unafunga ndoa au unafunga tu?"

Akacheka, akaisogeza sahani pembeni.

Alasiri moja nilimpa sindano anitungie uzi. Kazi hiyo ni yake tangu macho yangu yaanze kunisaliti. Akaulowesha uzi, akalenga, akakosa. Akalenga tena. Uzi ukapita kando ya tundu. Akaketi juu ya furushi la mabaki ya vitambaa, akafumba macho.

Nikachukua wembe, nikafumua gauni ubavuni, pande zote mbili.

"Baba, si walisema haliongezwi?"

"Nilisikia. Nenda kale. Nitatafuta kitambaa cheupe kinachofanana nalo, nishone hata inzi asigundue."

Alirudi na mkate mkononi. Akaikagua rafu yangu kwa muda, akavuta kipande chekundu kilichobaki nilipomshonea gauni lake la kazini.

"Tia hiki."

"Hicho kitaonekana toka barabarani."

"Najua. Nimeshachoka kujibana, baba. Sitaki na kujificha pia."

Nilimtazama mama yake anisaidie. "Unanitazama nini? Huyo katoka kwangu," akasema, akaendelea kukunja nguo.

Maisha yangu yote nimesifiwa kwa mishono isiyoonekana. Hiyo ya ubavuni niliipiga kwa juu, kwa uzi mwekundu.

Shangazi alikuja na bwana harusi kulitazama. Binti yangu akatoka nyuma ya pazia, bado anatafuna. Shangazi akagusa ule wekundu kwa ncha ya kidole.

"Mmetia kiraka gauni la ukoo."

"Siyo kiraka, shangazi. Ni nafasi."

"Na tukikataa ulivae?"

"Nitavaa la kazini. Nimeshalipiga pasi."

Shangazi akamgeukia mpwa wake. Kijana akakohoa. "Baba," akaniuliza, "hicho chekundu kimebaki? Natafuta cha tai."

"Fumua, fundi," shangazi akaniagiza, sauti imeshuka.

"Wembe ule pale," nikamjibu. "Mkono wangu haufumui hicho."

Aliushika wembe. Binti yangu hakurudi nyuma. Aliinua mkono juu ili ubavu ufikike vizuri, akavuta pumzi hadi mwisho. Gauni likajaa, likatulia. Hakuna uzi uliolia.

Shangazi aliutazama ubavu ule ukipanda na kushuka. Mwishowe akaurudisha wembe mezani, akafuta vidole kwa leso.

"Vifungo je?" akauliza. "Umevirudishia?"

"Vyote."

"Haya. Geuka nione mgongo."